Kwa mnaopanda vilima vya Taita kuhesabu miche

Wadogo zangu, nimepitia fomu zenu za uwandani hapa Mombasa, na makosa ni yale yale ya kila msimu, ila safari hii yameandikwa kwa hati nzuri zaidi.

Kwanza, mwinuko peke yake hauelezi msitu. Ni kweli kwamba halijoto hushuka kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, lakini viwanja viwili vya kuhesabia miti vya mwinuko mmoja vyaweza kutofautiana kabisa ikiwa kimoja kinapokea unyevu wa kusi, upepo huu huu unaotupitia pwani, na kingine kiko upande wa pili wa kilima. Kilimanjaro nako upande wa kusini hunyeshewa kuliko wa kaskazini. Andikeni mwelekeo wa mteremko.

Pili, mipaka ya kiwanja hupimwa kwa umbali wa mlalo, si kwa kufuata mteremko. Hili mlifundishwa darasani.

Tatu ndilo linaloniuma. Nilipokuwa mgeni kama ninyi nilihesabu mashina membamba ya Ocotea usambarensis, mti wetu wa kafuri, yakawa tele kadiri nilivyopanda, nami nikaandika kwa fahari kwamba mti huo unajizalisha vyema. Msimamizi wangu hakubishana. Alichutama, akafukua udongo kwa kidole chini ya "mche" mmojawapo, na badala ya mzizi ulioshuka wima tukaona mzizi mnene uliolala, mzee kuliko shina lenyewe, ukitokea kwenye kisiki. Yalikuwa machipukizi ya mizizi. Mti huo hutegemea sana njia hiyo, kwa kuwa mbegu zake nyingi huharibiwa na wadudu kabla ya kukomaa. Kwa hiyo nilichokuwa nimekipima ni mahali ambapo wapasua mbao walikata zamani, wala si athari ya mwinuko. Jedwali zima lilikwenda na maji. Basi fukueni, jamani! Kucha zitasafishika.

Nne, wale mtakaoendelea hadi Mlima Kenya msitangaze kwamba mti wa Hagenia abyssinica unakufa kwa sababu tu hamkuona miche chini ya miti mikubwa. Mche wake unahitaji mwanga, hivyo utafuteni palipoungua au palipofunguka. Moto huo huo ukirudi mara kwa mara huua miche kabla haijakomaa na kushusha mpaka wa juu wa msitu, kama ulivyofanya Kilimanjaro, ambako vichaka vya mierika (Erica) vimetwaa sehemu zilizokuwa na miti mirefu. Mwaka wa moto, ukijulikana, uandikwe.

Fomu mpya zina safu ya asili ya shina, mbegu au chipukizi, na safu hiyo haiachwi tupu. Jazeni kwa penseli, maana ukungu wa msitu wa Ngangao, huko Taita, hauachi wino salama.