Paka mzee anarudisha chakula? Muinulie sahani

Mkuu, umesema paka wako wa miaka 12 akishakula tu anarudisha dagaa wakiwa wazimawazima, na siku hizi analala kifudifudi ndipo ale. Mimi niko Ujiji, nimefuga paka miaka mingi na niliye naye sasa ni bibi kizee, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona kwake.

Muinulie sahani. Paka akila kilichoko sakafuni kichwa kinakuwa chini kuliko tumbo, hivyo kila tonge linapandishwa mlima. Shingo ikinyooka kiasi, chakula kinateremka kwa urahisi zaidi. Kwa paka kijana tofauti huwezi kuiona sana. Mzee ndiye anayefaidika, maana paka wengi wakizeeka viungo vinauma, na paka anajua kuficha maumivu. Utaona tu ameacha nusu ya chakula, au anahamisha uzito mguu huu na huu akiwa anakula. Wangu alikuwa hivyohivyo. Sasa anasimama na anamaliza.

Kimo ni sentimita 10 hadi 15 kwa paka wengi, sahani iwe karibu na usawa wa chini ya kifua chake akisimama. Huna haja ya kununua kitu, hata tofali la kuchoma lililolazwa linafaa, mradi sahani isiteleze. Mimi natumia kigoda kifupi cha miguu kwa sababu ya sisimizi. Nyumba zetu hizi mnazijua, weka dagaa chini ugeuke, msafara umeshafika! Miguu ya kigoda nimeisimamisha kwenye vifuniko vyenye maji, kama tunavyofanya kwenye kabati la vyakula, na kero hiyo imekwisha.

Sahani iwe pana na isiwe na kina, sharubu zisigonge ukingoni. Chagua ya bati au ya udongo. Plastiki ikichubuka inatunza uchafu, na kuna paka wanaotoka vipele kidevuni.

Maji nayo yainue, tena yakae mbali na chakula. Hili naomba ulizingatie sana. Asili ya paka ni nchi kame, kiu yake ni ndogo, na figo za uzeeni zinataka maji. Anayeumwa viungo anaweza kuacha kuinama kunywa kabla hajaacha kula. Wangu anakunywa vizuri zaidi tangu bakuli lake lipande juu.

Kama anakula kwa pupa, kuinua sahani peke yake hakutoshi, mgawie kidogo kidogo mara nyingi. Dagaa wa chumvi usimpe. Na ukiona anatapika povu au maji ya njano, anakonda, au ghafla anakunywa maji kupita kawaida, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hiihii, usingoje kigoda kifanye kazi.