Noeli ya mtu asiyetaka Noeli

*Mama, yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, hatoki chumbani tangu Novemba. Tufanye nini achangamke kabla ya Noeli? (Kampemba)*

Hamtamchangamsha. Kila Desemba naletewa swali hilihili, na kila mara namwona mwenye kuuliza ana haya ya wageni kuliko uchungu wa ndugu yake. Asubuhi mfungulie dirisha, mpelekee maji ya kuoga, kaa naye hata kama hamzungumzi. Usimuulize anataka nini, kuchagua kunamchosha. Mwambie, "Naenda kununua tomati, twende, tutarudi sasa hivi." Akikataa, kesho mwambie tena. Siku ya sikukuu mkubaliane mapema: atasalimia, atakula bukari (ugali) kidogo, akichoka ataingia ndani, wala shangazi yeyote asimfuate kumhubiria.

Na mtu akishapita wiki mbili katika hali hiyo, kila siku, hiyo yaweza kuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, si uvivu. Hapa Lubumbashi tuna kituo cha magonjwa ya akili cha Dokta Joseph Guislain. Mnangoja avue nguo barabarani ndipo mkikumbuke?

*Bia mbili za Simba hazitamsaidia kulala?*

Hapana. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, nayo hapana, kabla hujauliza.

*Mume wangu ameanza dawa za sonona wiki iliyopita, sioni mabadiliko. Pasta anasema aache, afunge siku tatu. (Katuba)*

Nimechoka na swali hili, lakini haya. Dawa hizi huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na kuziacha ghafla kunaumiza. Aombewe, sawa, akiwa amekula na amemeza vidonge vyake. Wapo wachungaji wanaowasindikiza wagonjwa hospitalini kwa miguu yao wenyewe. Hamia kwa hao.

*Mdogo wangu alisema, "Bonane, Mwaka Mpya, mtakula bila mimi." Nikimuuliza kama anataka kujiua, si nitampa wazo?*

Hutampa. Muulize leo, kwa neno hilohilo, kisha nyamaza umsikilize. Usimwambie anamkosea Mungu. Dawa ya panya na ya wadudu zitoke nyumbani, vidonge vyote uvitunze wewe, asilale peke yake. Mpeleke hospitali leo, hata kama nyama iko motoni.

*Tumshonee nguo mpya ya Bonane?*

Mshoneeni. Ila kwanza wekeni kando pesa ya dawa ya Januari. Inaliwa kwenye kuku na kreti za bia, halafu tarehe 10 mnaniandikia kwamba amerudia hali yake.