Kompyuta 12, bando la kuungaunga: uchague jukwaa gani?

Mwalimu, pole na majukumu. Nimekuelewa: shule yenu iko Chamwino, mna kompyuta 12, bando unanunua kwa simu yako, na mkuu wa shule anataka uchague kati ya Google Classroom na Moodle, majukwaa ya kufundishia kwa kompyuta.

Kwa hali hiyo mimi ningeanza na Kolibri. Ni programu ya kujifunzia, ya bure, na imetengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Unapakua masomo mara moja ukiwa Dodoma mjini, unayahamisha kwa flashi hadi kompyuta moja, na zile nyingine zinayapata kupitia rauta isiyo na bando lolote. Mwanafunzi anafanya zoezi, wewe unaona nani kakwama swali lipi. Hapo ndipo utakapofaidi kweli. Video za Khan Academy zimo, ila zilinganishe kwanza na muhtasari wetu, mada hazifuatani vilevile.

Google Classroom ni rahisi, lakini kila mtoto atahitaji akaunti na mtandao. Moodle ina uwezo mkubwa. Bila mtu wa TEHAMA wa kuitunza, utachoka.

Jaribu mada moja kwanza, mkondo mmoja tu.

Tafadhali, majina ya watoto usiyaingize kwenye mfumo wa nje kabla ya kuongea na mkuu na wazazi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukiwa na shaka, waulize Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yenyewe.

Na ile kompyuta moja yenye masomo iwekee UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika zoezi lisipotee.