Jibu: Rili ya Kiayalandi kwenye fidla isiyomvuta mtu kucheza dansi

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba umejifunza fidla ya klasiki kwa miaka kadhaa na noti za rili, yaani muziki wa kasi wa dansi ya Kiayalandi, unazipata zote, lakini wimbo unatoka mkavu, haumvuti mtu kucheza dansi. Kagua kwanza mkono wa upinde kabla ya vidole, kwa maana kwa wanafunzi niliowafundisha kasoro hii mara nyingi imekuwa pale. Rili kwa kawaida huwa na noti nane fupi katika kila kipimo. Aliyezoea klasiki huzipiga mbilimbili kwa mvuto mmoja kuanzia kwenye pigo, ilhali wapigaji wengi wa Kiayalandi huiunganisha noti dhaifu (ile iliyo kati ya mapigo) na ile ya pigo linalofuata, hivyo upinde hugeuka kwenye noti dhaifu. Fanya hivyo polepole kwenye uzi wa A usioshikwa, ukitumia sehemu ndogo tu ya upinde karibu na katikati, mpaka mguu uanze kugonga sakafu wenyewe, ndipo uongeze vidole. Mtetemo wa kidole upunguze sana; pamba noti kwa kuugusa uzi upesi kwa kidole kilicho juu ya kile kinachoushika. Karatasi ya noti iweke kando kabisa: sikiliza fungu moja, liimbe, kisha lipige.