Jibu kwa aliyeuliza kuhusu kadi ya OSHA masaa 30 hapa Mtwara: shika hela yako kwanza

Mkuu uliyeuliza juzi, nimeona umejibiwa kimistari mistari tu, huyu "lipia kiongozi fursa hiyo", yule "matapeli hao", sasa ngoja nikujibu kwa kirefu maana hili jambo linaniuma. Kwa ambao hawakuliona swali, jamaa yupo Mtwara mjini, kamaliza umeme VETA, kuna mtu kamwambia atoe laki tatu na nusu asome "OSHA masaa 30" Jumamosi moja kwenye ukumbi wa hoteli, jioni anatoka na kadi ya Marekani, na akishakuwa nayo ataajiriwa kirahisi kwenye miradi ya gesi na pia ataruhusiwa kufundisha wenzake. Mimi niko kwenye usalama kazini huku kusini mwaka wa 11 sasa, nilianzia kiwanda cha kubangua korosho nikaja saiti za ujenzi, Lindi na Mtwara zote nimezunguka.

Kwanza elewa OSHA ziko mbili na hapo ndo watu wengi wanapigwa. Ya kwetu ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ilianzishwa 2001, inasimamia Sheria Na. 5 ya 2003, na ofisi ya kanda ya kusini iko hapo hapo Mtwara. Ya Marekani iko chini ya wizara yao ya kazi na inatokana na sheria yao ya 1970. Herufi ni zilezile nne kwa hiyo mtu akisema "kadi ya OSHA" wewe unawaza mkaguzi wetu akiiona atafurahi, lakini mkaguzi wa kwetu akija saiti anauliza usajili wa eneo la kazi, tathmini ya vihatarishi, wafanyakazi wamepimwa afya au la, nani kasomea huduma ya kwanza, wawakilishi wa usalama ni akina nani. Hiyo kadi ya Marekani hana kazi nayo.

Sasa tuchukulie kweli ni ya Marekani, kanuni zao wenyewe zinamkana huyo anayekuuzia. Kozi zao ziko mbili, ya masaa 10 kwa mfanyakazi wa kawaida na ya masaa 30 kwa msimamizi au mtu mwenye jukumu la usalama. Kwa siku moja hairuhusiwi kufundisha zaidi ya masaa saba na nusu na mapumziko hayahesabiwi, kwa hiyo ya masaa 10 inataka siku mbili kwa uchache na ya 30 siku nne kwa uchache. Darasa halizidi watu 40. Anayekuuzia masaa 30 Jumamosi moja keshavunja kanuni kabla hata hajawasha projekta, na kadi yenyewe hawachapishi hapo ukumbini, trena (mkufunzi) anatuma taarifa za darasa kituo kilichompa kibali ndo kadi inatoka, ana mpaka siku 90 kuwafikishia wanafunzi. Halafu hayo mafunzo ni ya hiari kwa ngazi ya taifa lao, ingawa kuna majimbo kama Nevada yameyafanya lazima kwa watu wa ujenzi, na OSHA yao inasema wazi kwamba kadi sio leseni wala haimwondolei mwajiri jukumu la kumfundisha mtu kazi yenyewe anayoenda kuifanya. Kingine, kanuni zao zinataka madarasa hayo yafanyike kwenye maeneo ambayo sheria yao inafika. Ukumbi wa hoteli Mtwara haumo.

Na hili la kwamba ukiwa na kadi unafundisha wengine ni uongo mtupu. Kule kuwa trena wa ujenzi unatakiwa uwe na uzoefu wa miaka mitano kwenye usalama wa ujenzi, usome kozi namba 510 ya viwango vyao, ufaulu, ndo uende namba 500 ya kuwa trena, na kibali kinakaa miaka minne tu, kikikaribia kuisha unarudi darasani namba 502. Upande wa viwanda ni hivyo hivyo ila kozi ni 511 na 501. Wanaotoa kadi bila kufundisha masaa yote wananyang'anywa kibali na majina yao yanawekwa hadharani. Kadi ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi, haizai trena.

Hiyo miaka mitano ya uzoefu mtu anaweza ona ni usumbufu, mimi nimeuona umuhimu wake kiwandani kwenye korosho. Tuliletewa trena, shati safi, slaidi za Kiingereza kutwa nzima mambo ya kemikali, kina mama wabanguaji wametulia kimya, mafuta ya ganda la korosho hakuyataja hata mara moja na ndo kitu kinachowaunguza kila siku. Kesho yake binti mgeni akabangua mikono mitupu, jioni vidole vimekuwa vyeusi na ngozi inabanduka vipande vipande kama ganda la mhogo wa kuchoma. Mama mmoja wa Newala akamkalisha chini, akamwonyesha, unapaka majivu viganjani mpaka katikati ya vidole, yakilowa unapaka mengine, usijifute jasho usoni kwa mkono huo, na nyumbani usimshike mtoto kabla hujanawa vizuri. Dakika kumi tu, kwa Kiswahili na Kimakonde kidogo. Mimi nilishika kalamu nikaandika kila alichosema, na wiki ile ile nikamwomba bosi glavu za kuongezea hapo na mafunzo ya wageni wote yaanzie kwa yule mama.

Ila lililonifanya niandike usiku huu ni la saiti moja ya ujenzi, sitaitaja. Nilikuta vijana wana vyeti vya kufanya kazi za juu, vimepigwa lamineti vinang'aa, wamevipata kwa mtu wa aina hiyo hiyo ya Jumamosi moja. Wiki yangu ya kwanza, hata sijamaliza kukagua vifaa, mmoja akateleza kwenye skafoldi kama mita nne hivi. Hanesi, ile mikanda ya mwilini ya kukuzuia usianguke, alivaa lakini mikanda ya mapaja ilikuwa inaning'inia, na ndoano alikuwa kaipachika kwenye bomba la maji la plastiki, si ndo likakatika akaja nalo chini. Nyonga ikavunjika. Nilikaa nyuma ya gari nimemshikilia kichwa kisitikisike na njia nzima ananiuliza "bro, kwani cheti si ninacho?". Baadae nikawauliza wenzake walifundishwaje wakasema walionyeshwa video, hanesi yenyewe hakuna aliyeigusa. Kijana hakuwa na kosa, aliamini karatasi aliyouziwa, na aliyemuuzia mpaka leo sijui yuko wapi.

Toka siku hiyo mtu akija na cheti cha kazi za juu namkabidhi hanesi palepale chini, avae mbele yangu, nipitishe kiganja kati ya mkanda na paja, kiganja kikilala kinapita ila ngumi haipiti basi sawa, halafu anionyeshe angefunga wapi ndoano na kwa nini pale.

Kwa hiyo mdogo wangu fanya hivi. Kwa vile wewe ni wa umeme nenda ofisi ya kanda hapo Mtwara uulizie ratiba ya kozi zao, kuna ile ya taifa ya usalama na afya kazini wanaiita NOSHC, kuna huduma ya kwanza, kuna za kazi za juu, uliza na ada yake ya sasa. Huyo anayekuuzia muulize maswali manne tu kwa meseji ili ubaki na maandishi: nani kakupa kibali, kinaisha lini, masaa mangapi kwa siku ngapi, na vitendo tunafanyia wapi. Akikutumia barua yoyote ya wakala ipeleke picha yake ofisini wakuthibitishie kabla hujatoa hata mia. Na wale wa gesi ya baharini wanaulizia BOSIET, yaani mafunzo ya msingi ya usalama na dharura baharini, hiyo ni habari nyingine kabisa ina mpaka zoezi la kutoka kwenye helikopta iliyozama, inadumu miaka minne na ni ghali, na mara nyingi kampuni ikikutaka inakulipia yenyewe, usiikimbilie kwa hela yako ya mfukoni. Pia ukumbe sheria yetu imemtwika mwajiri jukumu la kukufundisha, ukiajiriwa usione aibu kuyadai mafunzo siku ya kwanza kabisa kabla hujashika hata tesita.

Akishakujibu hayo maswali manne yabandike hapa hapa, tutayasoma wote.