Jibu: Pengo la uchaguzi wa meya Portland, Maine (Marekani)

Habari ndugu. Umekwama kwa kuwa orodha yako ya chaguzi za meya inakatika 1923 na kuibuka tena 2011. Hakuna kurasa zilizopotea. Kwanza angalia nani alikuwa anamchagua meya: mwaka 1923 wapiga kura walipitisha mfumo wa meneja wa jiji, yaani mtendaji anayeajiriwa kuendesha jiji, na tangu hapo madiwani wakawa wanamchagua meya miongoni mwao wenyewe. Kura ya 2010 ndiyo iliyowarudishia wananchi haki ya kumchagua meya, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Kwa 2011 uwe makini. Wagombea walikuwa 15, na mpiga kura aliwapanga kwa namba kuanzia anayempendelea zaidi. Wa mkiani akitolewa, kura zake zinahamia chaguo linalofuata. Ushindi wa Michael Brennan, aliyechaguliwa meya mwaka huo, usome kwenye raundi ya mwisho ya kuhesabu kura.