Ala ya kisu: uzi usikutane na makali

Fundi shikamoo. Nilimshonea babu ala kwa ngozi ya ng'ombe na uzi mnene wa nailoni. Miezi miwili tu, mshono umefumuka upande wa makali. Nimekosea wapi? (Msomaji, Muheza)

Marahaba. Uzi hauna kosa. Kila kisu kikiingia na kutoka, makali yanaupitia, na hakuna uzi unaoshindana na chuma kilichonolewa. Umeshona vipande viwili vya ngozi, vilitakiwa vitatu. Kata ukanda wa ngozi hiyohiyo, upana wa sentimita 1 hivi, uufuatishe upinde wa makali kuanzia mdomo wa ala mpaka ncha. Utie gundi katikati ya vipande viwili, ukikauka ndipo utoboe. Mstari wa mshono uwe milimita 4 au 5 kutoka ukingo wa nje. Hapo makali yatagota kwenye ukanda kabla ya kuufikia uzi.

Na nakusihi, babu asiitumie ala hiyo mpaka uishone upya. Kisu kitupu mtu hukiogopa. Kilichomo ndani ya ala mbovu hukichomeka kiunoni bila kufikiri, kumbe ncha imeelekea pajani.

Kwa nini nisipeleke kwa fundi viatu mwenye mashine pale Ngamiani, Tanga mjini, nikamaliza kwa dakika tano?

Mashine hushona kwa nyuzi mbili zinazokabana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, wa pili unakosa wa kumshika, na mshono huanza kulegea. Mshono wa mkono ni uzi mmoja wenye sindano mbili, moja kila ncha, na kila tundu hupitiwa na sindano zote, hii ikitoka kulia na ile kushoto. Ukikatika upande mmoja, wa pili bado umeshika. Kwa kitu kinachobeba kisu mwilini, mimi sibadilishi hilo kwa dakika tano.

Pima uzi mara nne ya urefu wa mshono, ngozi ikiwa nene uongeze. Upake nta ya nyuki. Matundu yasipishane: bonyeza meno ya uma wa mezani juu ya mstari, upate alama zilizo sawa, kisha toboa kwa msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu yenye mpini. Ukifika mwisho rudi nyuma matundu mawili matatu, ukate uzi.

Tanga yote ni katani. Kuna haja gani ya kununua uzi?

Swali limenifurahisha, maana katani ndiyo iliyoujenga mkoa huu tangu Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipoileta mwaka 1893, miche 62 tu ikafika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Lakini nyuzi zake ni za kamba: ngumu, zenye manyoya, hukwaruzwa zikipita tundu dogo. Tumia uzi wa kitani au poliesta. Katani ifanye kamba ya kuning'inizia ala.

Ngozi laini ya mkoba wa zamani inafaa?

Itazame ilipokatwa. Ikiwa katikati ina rangi ya kijivu au buluu, imetengenezwa kwa dawa ya kromu, na haitashika umbo. Tafuta iliyotengenezwa kwa magome ya miti, unene wa milimita 3 hadi 4. Hiyo ukiilowesha kidogo, ukakitia kisu kilichofungwa nailoni na kuibana kwa vidole, ikikauka kivulini inabaki na umbo la kisu chako.

Mimi mvuvi wa Sahare. Kisu kinaota kutu ndani ya ala.

Ngozi hunywa maji ya chumvi na kukaa nayo, kisu kikalala humo usiku kucha. Nyumbani kitoe, kifute, kipake mafuta, ala itundike peke yake. Ila kwa kisu cha chomboni, ndugu yangu, nunua ala ya plastiki. Ngozi na bahari haviwezani.

Natumia mkono wa kushoto. Nibadilishe nini?

Kata mfano wa karatasi ngumu, uugeuze kabla ya kuuchora juu ya ngozi. Kushona ni kulekule.